Maswali ya wasomaji: volontia anaondoka, sisi tunabaki na nani?

Safari hii barua tatu zimekuja kwa mpigo na zote zinaongelea kitu kimoja, wageni wanaokuja huku kusini mwa Tanzania kujitolea kwenye mambo ya afya ya akili halafu muda wao unaisha. Wa kwanza ni mgeni mwenyewe, wa pili anaishi na mgeni, wa tatu ni ndugu wa mgonjwa. Nimeziweka pamoja makusudi, someni na za wenzenu.

SWALI: Habari Anti. Mi ni Mkenya, kwetu Nakuru, nimesomea ushauri nasaha na niko huku wilaya ya Masasi nikijitolea kwenye kliniki ya afya ya akili, karibu mwaka sasa. Naondoka mwezi wa kumi na moja na sitaongeza muda. Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na ndugu zao nesi akishamaliza mambo ya dawa, tunaongea, siku nyingine tunaenda majumbani kwa bodaboda mimi na mama mmoja mhudumu wa afya wa kijiji. Shida ni kwamba bado sijawaambia. Kila siku ya kliniki naamka nikisema leo nasema, halafu namuona yule mama anayemleta kijana wake, ametoka kwake alfajiri, kadi ya mtoto ameifunga kwenye ncha ya khanga, anaifungua taratibu huku ananiambia mwanangu wewe ndo Mungu amekuleta, basi nanyamaza. Halafu kuna dada mmoja nilimgusia tu kwamba siku moja nitarudi kwetu akanijibu "ukiondoka wewe na mimi naondoka". Sikujua ana maana gani, nikacheka kidogo tukaongea mengine. Tangu hapo usingizi hamna. Nesi yuko mmoja tu na huyohuyo ndo wa kliniki ya sukari na presha. Watu wanataka namba yangu, wengine wanataka niahidi nitarudi. Nimefikiria niondoke tu kimyakimya Jumamosi moja halafu nesi awape salamu zangu. Ni vibaya?
Mgeni wa Masasi

JIBU: Pole mdogo wangu. Nianze na huyo dada, maana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka kliniki ijayo, la kwake haliwezi. Ukimaliza kusoma hapa mtafute, wewe na mama mhudumu, mkae mahali watu hawapitipiti, umuulize kwa maneno yaliyonyooka: siku ile uliniambia nikiondoka na wewe unaondoka, ulikuwa unamaanisha kufa? Hivyohivyo. Usimuulize "lakini wewe huwezi kufanya mambo ya ajabu eti eh", hapo umeshamwambia jibu unalotaka kusikia na atakupa hilohilo. Watu wengi wanaogopa kwamba ukimtajia mtu kujiua unampa wazo, Shirika la Afya Duniani wanalisema hili wazi kila siku kwamba sivyo, na mimi niliyekaa wodini miaka mingi nakubaliana nao, wengi ukiwauliza wanashusha pumzi kwamba afadhali kuna mtu kauliza.

Akisema ndiyo, muulize amefikiria kwa kitu gani. Na hapo kumbuka nyumba ya mkulima wa korosho ilivyo: chupa ya dawa ya kupulizia iko chini ya kitanda, nyingine imebaki nusu tangu msimu uliopita iko nyuma ya mlango na imezibwa na gunzi. Hizo zitoke ndani siku hiyohiyo zikakae kwa ndugu mwenye kufuli, na vidonge vyake kama anavyo awe anapewa na mtu vya siku moja moja. Sumu za kilimo ni moja ya njia zinazoua watu wengi zaidi wanaojiua duniani, na mtu akikosa kitu cha kushika saa ile mbaya, mara nyingi ile saa inapita. Asiachwe peke yake. Nesi naye ajue leo, hata kama dada atakuomba iwe siri yenu wawili, siri ya namna hiyo haibebwi na mtu mmoja tena mwenye tiketi ya kuondoka.

Na kwa vile umetoka Kenya kuna kitu ujue. Kwenu Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu kilichokuwa kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa ni kinyume na katiba. Huku kwetu kosa hilo lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, ndo maana likitokea familia inaficha, wanasema alidhani ni maji akanywa kwa bahati mbaya. Wewe kazi yako ni mtu afike hospitali haraka, hayo ya kuulizana yatajadiliwa baadaye.

Haya, sasa la kuaga. Kuondoka kimyakimya ni vibaya, nakujibu bila kuzunguka. Fikiria wagonjwa wako ni watu gani. Wengi wameshaachwa: kuna aliyerudishwa kwao na mume siku alipoanza kuongea peke yake, kuna kijana ambaye wenzake wa jando hawamsalimii, kuna mama ambaye shemeji zake wamehamisha hata kuku wasishinde kwake. Wewe ukaja ukawaambia hapa hamuachwi. Ukiyeyuka Jumamosi utakuwa umewaonyesha kwamba hata yule aliyesema hivyo kaondoka bila kuaga, na atakayekuja baada yako atakuta mlango umefungwa. Nimewaona volontia wakifanya hivi wanasema hawakutaka kuwaumiza wagonjwa, mara nyingi aliyekuwa hataki kuumia ni yeye.

Taja tarehe. Usiseme "siku moja" wala "nikijaliwa", sema mwezi na wiki, na uiseme mapema kila mnapokutana. Na hapa angalia kalenda ya kwetu, wageni wengi hawaioni hii mpaka wamechelewa. Oktoba na Novemba watu wa Masasi wako shambani, korosho zinadondoka, familia nzima inahamia kule kuokota, na kliniki inakuwa nyeupe. Ukisubiri kuaga wiki ya mwisho utaaga mabenchi. Kwahiyo wale wa vijiji vya mbali waambie sasa hivi, kabla msimu haujashika, na watakaokosekana mama mhudumu awafuate huko huko kwenye vibanda vya shamba.

Ukishasema, jiandae kwa vituko. Kuna atakayenuna asije kliniki mbili mfululizo. Kuna aliyekuwa ametulia ataanza tena kusikia sauti, na wewe utajiona ndo umemrudisha nyuma ufikirie kuahirisha safari. Usiahirishe, muulize kwanza kama dawa anameza. Kuna wengine watasema "haya, safari njema" wakaondoka zao, na nakwambia hao ndo watakuuma kuliko waliolia.

Halafu kukabidhi, na hapa ndo ningependa nguvu zako zote ziende. Watu wanaandika ripoti nzuri ya kurasa nyingi wanaiacha kwenye kabati, nesi mwenye foleni ya sukari na presha ataisoma saa ngapi? Mgonjwa akabidhiwe kwa mtu mwenye sura. Na mtu huyo unaye, unapanda naye bodaboda kila wiki, ni yule mama mhudumu. Anajua nani anaongea Kimakua tu, nani ana ugomvi na nani, yuko pale kabla yako na atakuwepo baada yako. Wiki zilizobaki wewe punguza kuongea, yeye aulize, wewe kaa pembeni. Mkitoka kwenye nyumba mwambie alichofanya vizuri na alichokiruka. Usije ukadhani kazi ya kusikiliza ni ya wenye digrii: Zimbabwe tangu 2006 akina bibi wa mtaani walianza kufundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki kule Mbare, Harare, wanawasikiliza na kuwasaidia kupanga tatizo moja moja, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha waliokaa na hao bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hao, sio madaktari. Kwahiyo mama wa Masasi anaweza. Ila mwombee kwa wakubwa hapo wilayani angalau nauli ya bodaboda itoke sehemu, maana ukiondoka na nauli ikaondoka, hata moyo wake ukiwa mkubwa miguu itachoka.

Namba ya simu usitoe. Najua utaniona mkali. Lakini saa nane usiku uko Nakuru, mgonjwa wa Masasi anakupigia, utafanya nini zaidi ya kulia? Namba watakayopewa iwe ya kituo, au ya mhudumu kama mwenyewe amekubali. Na kurudi usiahidi, hata kama moyoni unajua utarudi. Ukirudi utakuwa umerudi tu, watafurahi vilevile.

Zawadi za kwao pokea, kuku, korosho za kubangua, khanga, ukikataa umewadharau. Za kwako kuwapa wao ziwe ndogo na zifanane, usimpe mmoja simu mwingine biskuti. Na tafadhali sherehe ya kuaga usiichomeke tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, najua kutakuwa na maturubai na tisheti zipo na mkuu atakuja, lakini siku hiyo ni ya wagonjwa, wana nafasi chache za kusimama mbele wakaongea wao.

Yule mama wa kadi kwenye khanga mwambie wa kwanza. Mkalishe, mwite na mhudumu, sema tarehe, halafu nyamaza, usikimbilie kumfariji. Atakwambia kitu. Mara nyingi atauliza swali moja tu, nalo ni la dawa.

SWALI: Mwenzangu habari za siku. Mimi ni mama wa hapa Mikindani, Mtwara, nakaa na binti wa kizungu, anajitolea mjini kwenye mambo hayohayo ya akili, bado wiki chache aende kwao. Alikuwa mchangamfu, anakula ming'oko na pweza kutuzidi sisi, jioni tunakaa wote barazani. Sasa amebadilika, anajifungia, chakula anagusa tu, mara analia mara anacheka, na ameanza kugawa vitu, viatu kampa mwanangu, nguo kampa dada wa kazi. Nimuache au niingilie? Na samahani kwa hili, kuna godoro zuri na feni aliyonunua mwenyewe, ni aibu kumuomba?
Mama wa Mikindani

JIBU: Mama wa Mikindani umenichekesha na umenifurahisha, umeona mengi. Godoro na feni usiombe, subiri. Mwenye begi la kilo 23 haendi na feni kwenye ndege, na wewe ndo umemlisha, labda awe hana akili kabisa. Akisahau siku ya mwisho, muulize tu "mwanangu vitu hivi nivipeleke wapi", hapo hujaomba.

Huyo binti kugawa vitu kwa mtu anayesafiri ni kawaida. Lakini kugawa vitu, kujifungia na kutokula vikija pamoja, mimi siwezi kukwambia muache. Ingia na chai, kaa kitandani kwake kama mama, muulize anaumwa wapi na anawaza nini, na akikwambia amechoka na maisha muulize kama anafikiria kujidhuru, wewe mama mtu mzima unaweza kuuliza. Akisema ndiyo, au ukiona anazungukazunguka bila kukujibu, usimwache peke yake na mpigie mratibu wake usiku huohuo, namba hiyo kama huna iombe kesho, mwenye nyumba anatakiwa awe nayo.

Inawezekana pia ni uchovu tu wa kuondoka. Hawa watoto wanasikiliza habari za watu kutwa nzima, aliyefungwa kamba, aliyefukuzwa, wakirudi jioni hawana wa kumwambia maana za wagonjwa ni siri. Halafu anaenda kwao ambako marafiki watamuuliza "Afrika ilikuwaje" na kabla hajamaliza sentensi wameshaanza kuangalia simu. Hilo linawaliza wengi wakiwa bado huku. Usimjazie ratiba. Kuna familia zikisikia mgeni anaondoka kila siku anapelekwa kwa shangazi, kwa mjomba Msimbati, kupiga picha, mpaka anapanda ndege anaumwa. Muombe akusaidie kukuna nazi. Mpeleke feri asubuhi mkanunue samaki. Atakula mwenyewe. Na zile siku ambazo anataka kulia barazani alie tu, majirani wakiuliza waambie mwanangu anaenda kwao, basi.

SWALI: Shikamoo Anti. Natokea Mtama, Lindi. Kaka yangu alichanganyikiwa akiwa Dar anauza mitumba, tukamrudisha nyumbani, tukahangaika kwa waganga mpaka shamba la mikorosho tukaweka rehani. Mwaka huu akaja volontia akawa anatufuatilia, ndo kaka akaanza sindano ya kila mwezi na vidonge, sasa hivi analima. Huyo volontia ametuaga, anaondoka. Nyumbani mzee anasema dawa nazo zimeisha kwa hiyo turudi kwa mganga. Tunafanyaje?
Mdogo mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mzee, kwa heshima, dawa hazikuwa za volontia. Alichofanya yeye ni kuwaonyesha mlango. Sindano na vidonge ni vya hospitali, na hospitali haiendi popote. Kabla huyo mtu hajaondoka mkamateni mumuulize vitu hivi: jina la sindano na kipimo, inachomwa kila baada ya wiki ngapi, tarehe ya mwisho aliyochomwa, na jina la nesi au daktari atakayempokea. Viandikwe kwenye kadi ya kaka na wewe uvipige picha kwenye simu yako, kadi zinalowa na zinaliwa na panya. Kama zahanati yenu haina hiyo sindano mko karibu na hospitali ya Nyangao, na kwa mkoa kuna hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini. Mkiambiwa kwenye stoo imeisha, ulizeni palepale itapatikana wapi, msirudi tu nyumbani kusubiri. Sindano hizi hazikati ghafla, dawa inabaki mwilini inapungua kidogo kidogo, ndo maana mtu akikosa anaonekana mzima wiki kadhaa na familia inasema unaona, amepona, halafu siku moja mnaamka hayupo nyumbani. Mzee atakuja kukwambia hivyohivyo, kaa tayari.

Ukimuona shingo inakakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka au hawezi kutulia kwenye kiti, hiyo ni dawa inamsumbua na wala sio jini limekasirika. Ina dawa yake, wengi wanaijua kwa jina la Artane, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Watu wengi wanaacha sindano kwa sababu ya hili tu na hawasemi. Hela zikiwabana mkamuone afisa ustawi wa jamii hapo hospitali, msamaha wa matibabu unapitia kwake, nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji.

Mganga sitagombana na mzee juu yake, maana mkigombana atamchukua kaka usiku mkiwa mmelala, tumeyaona hayo. Mwambie akitaka kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani, na dua sawa, lakini vidonge anameza na tarehe ya sindano haikosi, na kaka hafungwi kamba wala minyororo, hapigwi, hafukizwi mpaka akazimia. Mganga asiyekubali hayo muacheni.

Na volontia akija kuwaaga, kaka mwenyewe awepo. Mmezoea kuongea juu yake mbele yake kama hayupo. Anayejua ile sindano inamfanyaje usiku ni yeye, mwacheni amuulize huyo mtu anachotaka kabla hajapanda basi.